Mguu Mmoja, Tishu Nne: Kwa Nini Mfupa Husubiri na Misuli Haisubiri

Kijana mwenye umri wa miaka 23, dereva wa bodaboda, aliletwa wodini kwetu siku ya nne baada ya ajali. Gari dogo lilimgonga na kumvunja mfupa wa muundi, mguu wa kulia. Jioni ile ile ndugu zake walimpeleka kwa muunga mifupa anayeheshimika kijijini kwao, naye akaunyoosha mguu na kuufunga kwa fito za mianzi na kamba ya katani. Usiku kijana alilia kwa maumivu. Akaambiwa avumilie, kwa kuwa mfupa unapounga lazima uume. Siku ya pili vidole vya mguu vilikufa ganzi. Siku ya tatu maumivu yalipungua, na familia ikamshukuru Mungu. Siku ya nne unyayo ulikuwa wa baridi na vidole vimekuwa vyeusi.

Tulipoutazama mfupa kwenye picha ya eksirei, tuliona kwamba ulikuwa umevunjika mahali pamoja tu, na vipande vyake vilikuwa vimekaribiana vizuri. Hata hivyo, tulilazimika kuukata mguu chini ya goti. Siku chache baada ya upasuaji, kijana aliniuliza: "Daktari, kwani mfupa wangu ulikataa kuunga?"

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake linahitaji tuujue mguu kwa undani kuliko tulivyozoea. Tunaposema "amevunjika mguu", fikra zetu zote huenda kwenye mfupa. Lakini mguu si mfupa peke yake. Ndani yake zimo aina zote nne za tishu zinazoujenga mwili wa binadamu, na kila moja ina kazi yake, uvumilivu wake na namna yake ya kupona.

Tishu ni nini?

Mwili umejengwa kwa seli. Seli zinazofanana kwa asili na kwa kazi hukaa pamoja, zikishikamanishwa na viambata vinavyozizunguka, na mkusanyiko huo ndio tunaouita tishu. Tishu za aina mbalimbali zikiungana hufanya ogani, kama vile moyo, ini au ngozi. Kwa hiyo tishu ni daraja lililo kati ya seli moja isiyoonekana kwa macho na kiungo tunachoweza kukishika kwa mkono.

Asili ya neno hilo ni Kifaransa, na maana yake ni kitu kilichofumwa, kama kitambaa. Aliyelipa uzito katika tiba ni Xavier Bichat, daktari wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1771 na 1802. Bila kutumia hadubini, kwa kisu, kwa kuchemsha, kwa kukausha na kwa kuloweka katika asidi, Bichat alizitenganisha tishu 21 za mwili wa binadamu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ugonjwa hauishambulii ogani nzima kwa namna moja, bali huanza katika tishu fulani iliyomo ndani ya ogani hiyo. Leo hesabu ya Bichat haitumiki tena. Kwa msaada wa hadubini, tishu zote hupangwa katika makundi makuu manne: tishu za epithelia, tishu unganishi, tishu za misuli na tishu za neva. Hata hivyo hoja yake bado inasimama, na mguu wa kijana yule ni ushahidi wake.

Tuyatazame makundi hayo moja baada ya jingine, na kwa kila kundi tuulize maswali mawili: linafanya kazi gani, na likiumizwa linapona vipi?

Tishu za epithelia: mlinzi wa mpakani

Epithelia ni tishu inayofunika nyuso zote za mwili, za nje na za ndani. Tabaka la juu la ngozi ni epithelia. Utando wa ndani wa kinywa, tumbo, utumbo, njia ya hewa, kibofu na mishipa ya damu nao ni epithelia. Tezi zinazotoa jasho, mate na homoni zimetokana na tishu hiyo hiyo.

Seli zake zimebanana kama matofali ya ukuta, na umbo lake hufuata kazi yake. Katika vifuko vya hewa vya mapafu ni bapa na ziko katika tabaka moja jembamba, ili oksijeni ipenye kwa urahisi. Katika utumbo ni ndefu na hufyonza chakula. Katika koromeo la hewa zina vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi na makohozi kuelekea juu. Katika ngozi zimepangana tabaka juu ya tabaka ili kustahimili msuguano.

Epithelia haina mishipa yake ya damu, bali hupata lishe kutoka kwa tishu iliyo chini yake. Hata hivyo ni hodari wa kujijenga upya. Seli za utando wa utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache, na zile za tabaka la juu la ngozi hubadilishwa ndani ya takriban mwezi mmoja hadi miwili. Ndiyo sababu mchubuko mdogo hupona bila alama. Jeraha likiwa la kina, likateketeza mizizi ya vinyweleo na tezi za jasho ambako seli mpya huanzia, ngozi hubaki na uwezo wa kuota kutoka kingoni tu, na mara nyingi huhitaji kupandikizwa.

Kwenye muundi, ngozi imelala karibu moja kwa moja juu ya mfupa, bila mto wa misuli. Kwa sababu hiyo mfupa uliovunjika hapo huitoboa ngozi kwa urahisi, na hata tundu dogo ni mlango wa bakteria kuingia mfupani. Kupaka majivu, unga wa kahawa au mafuta ya taa hakuufungi mlango huo. Huingiza uchafu, huua seli zilizobaki, na katika uchafu huo huweza kuwamo vijidudu vya pepopunda.

Tishu unganishi: familia kubwa

Kundi la pili ndilo lenye ndugu wengi zaidi. Tishu laini iliyo chini ya ngozi, mafuta, kano, gegedu, mfupa na damu, vyote ni tishu unganishi. Mtu anaweza kushangaa kusikia kwamba damu na mfupa ni ndugu, lakini undugu wao uko katika muundo. Tofauti na epithelia, ambamo seli zimebanana, hapa seli ni chache na zimetawanyika ndani ya kiambata kingi kinachozizunguka. Kiambata hicho kikiwa majimaji, tunapata damu. Kikiwa nyuzi ngumu za kolajeni zilizolala upande mmoja, tunapata kano, kama ile nene ya kisigino. Kikiwa kigumu kiasi na chenye utelezi, tunapata gegedu. Kikijazwa madini ya kalisi na fosfati, tunapata mfupa. Kazi za familia hii ni kushikilia, kuunganisha, kuhifadhi nishati, kusafirisha na kukinga.

Ndugu hawa hawaponi kwa namna moja. Gegedu linalofunika ncha za mifupa katika goti halina mishipa ya damu wala neva. Hulishwa na ute wa kiungo, na likichanika halijirudishi katika hali yake ya awali. Mfupa ni kinyume chake. Mfupa ni tishu hai yenye damu nyingi, inayovunjwa na kujengwa upya kidogo kidogo katika maisha yetu yote.

Mfupa unapovunjika, damu huganda kati ya vipande. Katika wiki zinazofuata hujengeka daraja laini lenye nyuzi na gegedu, kisha daraja hilo hujazwa madini na kuwa gumu. Baada ya hapo mwili huendelea kulichonga kwa miezi mingi hadi mfupa ukaribie umbo lake la zamani. Tishu nyingine nyingi zikiumia huziba pengo kwa kovu, lakini mfupa huziba pengo kwa mfupa. Muundi wa mtu mzima huchukua miezi 3 hadi 4, na wakati mwingine zaidi. Wa mtoto mdogo huchukua wiki chache tu. Masharti yake ni damu ya kutosha, utulivu wa kiasi na kutokuwepo kwa maambukizi. Uvutaji wa sigara huchelewesha uungaji huo.

Hapa ndipo ilipo siri ya sifa njema ya waunga mifupa wa jadi. Mivunjiko mingi iliyofungika, yaani isiyotoboa ngozi, huunga ikitulizwa tu, hata kama haikunyooka kikamilifu. Mfupa ni tishu yenye ukarimu. Humsamehe mtu aliyechelewa siku mbili au tatu, na humsamehe aliyefunga bila ustadi mkubwa. Hatari ni kudhani kwamba tishu zilizo jirani na mfupa zina msamaha kama huo.

Tishu za misuli: nguvu yenye kiu ya damu

Misuli ni tishu yenye uwezo wa kujikunja na kujinyoosha. Iko ya aina tatu. Misuli laini imo katika kuta za utumbo, kibofu, mji wa mimba na mishipa ya damu, nayo hufanya kazi bila kuamrishwa na fikra zetu. Misuli ya moyo hupiga bila kupumzika tangu tumboni mwa mama hadi kufa, na ikifa kwa kukosa damu mahali pake hujazwa na kovu lisiloweza kusukuma damu. Misuli ya mifupa ndiyo inayotutembeza, na huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima mwenye afya.

Misuli ya mifupa inayo akiba ya kujitengeneza. Kandokando ya nyuzi zake kuna seli maalumu, zilizoelezwa mara ya kwanza mwaka 1961, ambazo huamka msuli unapoumia na kuziba sehemu ndogo iliyoharibika. Lakini akiba hiyo haitoshi pale msuli mzima unapokufa. Misuli hutumia oksijeni nyingi, na ikinyimwa damu kabisa haistahimili zaidi ya muda wa takriban saa 6 kabla ya sehemu kubwa yake kuharibika pasipo marejeo.

Damu inaweza kukatika hata kama hakuna mshipa uliopasuka. Chini ya goti, misuli imegawanyika katika vyumba vinne, na kuta zake ni mifupa pamoja na utando mgumu usiotanuka. Mfupa ukivunjika, damu na majimaji hujaa ndani ya vyumba hivyo. Misuli huvimba, lakini utando hautoi nafasi, na shinikizo hupanda hadi kuziminya kapilari zinazoilisha misuli. Ukiongeza juu yake fito na kamba iliyokazwa, au plasta ngumu iliyozungushwa mguu mzima siku ya kwanza, umejenga ukuta wa pili nje ya ule wa asili.

Kosa hili si la kijijini peke yake. Richard von Volkmann, daktari mpasuaji wa Ujerumani, alieleza mwaka 1881 jinsi misuli ya mkono au mguu inavyopooza na kukakamaa baada ya kufungwa bandeji zilizobana mno, na ukakamavu huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Hata sasa, plasta iliyofungwa hospitalini na kuachwa bila kuangaliwa inaweza kuleta madhara yale yale.

Msuli uliokufa una hatari nyingine. Humwaga katika damu potasiamu, inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo, pamoja na protini inayoziba figo na kuufanya mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi au kahawa.

Tishu za neva: waya zinazokua polepole

Kundi la nne ni tishu za neva, zinazopatikana katika ubongo, uti wa mgongo na neva zilizoenea mwili mzima, ambazo wengi wetu huziita mishipa ya fahamu. Seli zake hupokea taarifa, huzichambua na kuzipeleka kwa umeme mdogo kupitia nyuzi ndefu. Uzi mmoja unaotoka mgongoni unaweza kufika hadi kwenye kidole cha mguu. Pembeni mwa seli hizo zipo seli saidizi zinazozilisha, kuzikinga na kuzifunika.

Ubongo na uti wa mgongo vikikatika haviungi tena kwa namna ya kurudisha kazi iliyopotea. Neva za mikono na miguu zina nafuu kidogo, kwa kuwa ganda linalozizunguka likisalia, uzi ulioharibika unaweza kuota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku. Chini kidogo ya goti, kwa upande wa nje, neva inayonyanyua unyayo inazunguka mfupa mwembamba wa mguu ikiwa karibu sana na ngozi. Kamba au plasta ikiiminya hapo, unyayo huning'inia na mtu hutembea akiuburuta. Kutoka hapo hadi vidoleni ni zaidi ya sentimita 30, hivyo neva iliyoharibika inaweza kuhitaji karibu mwaka mzima kurudi. Wakati huo misuli inayoisubiri inazidi kusinyaa, na ikikaa mwaka mmoja na nusu au zaidi bila neva, mara nyingi haiamki tena.

Neva ndiyo pia inayotupa onyo. Maumivu makali ya usiku wa kwanza yalikuwa ni sauti ya misuli na neva zikiomba damu. Ganzi ya siku ya pili ilikuwa ni neva zikinyamaza. Siku ya tatu, maumivu yalipopungua, mguu haukuwa umepata nafuu. Tishu iliyokuwa na uwezo wa kuhisi maumivu ilikuwa imekwisha kufa.

Jibu la swali la kijana

Sasa tunaweza kumjibu. Mfupa wake haukukataa kuunga, na ungesubiri. Walioshindwa kusubiri ni majirani zake. Mfupa huhesabu kwa wiki na miezi, ngozi kwa siku, neva zikiota upya huhesabu kwa milimita. Misuli iliyonyimwa damu huhesabu kwa saa. Anayeutibu mguu uliovunjika hana budi kuifuata ile inayokufa mapema zaidi.

Kwa watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya, dalili ya mapema ni maumivu yanayozidi ukubwa wa jeraha, yasiyotulizwa na dawa, na yanayoongezeka pale unapokinyoosha au kukikunja kidole cha mguu taratibu. Shavu la mguu huwa gumu kama ubao. Msidanganywe na mapigo ya damu kwenye unyayo. Shinikizo linaloziba kapilari mara nyingi halitoshi kuuziba mshipa mkubwa, hivyo mapigo yanaweza kusikika huku misuli inakufa. Fungueni kila kilichofungwa, plasta na bandeji pia, hadi ngozi ionekane. Uwekeni mguu usawa wa moyo, msiuinue juu. Andikeni saa ya ajali na saa ya dalili kuanza, kisha toeni rufaa mara moja kwenda mahali ambapo daktari mpasuaji anaweza kuupasua utando na kuipa misuli nafasi. Jeraha likiwa wazi, mgonjwa aanze antibiotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja ya kufika, apate kinga ya pepopunda, na jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi.

Kwa wagonjwa na ndugu zao, mguu uliovunjika utulizwe kwa ubao, boksi gumu lililokunjwa au mto, ukifungwa kwa kitambaa kipana kinachoruhusu kidole cha mkono kupita chini yake. Usichuliwe. Vidole vya mguu viachwe wazi ili vionekane. Kila baada ya muda mfupi mwulizeni mgonjwa kama anavihisi na kama anaweza kuvichezesha. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi, vikipauka au kuwa vya baridi, legezeni kamba papo hapo na nendeni hospitali usiku huo huo. Aliyekwisha fungwa plasta hospitalini naye arudi bila kungoja tarehe ya kliniki, na asione haya kumwamsha muuguzi.

Waunga mifupa wataendelea kuaminiwa na jamii, kwa kuwa wako karibu, wanasikiliza, na gharama zao zinafahamika. Ninaowafahamu wengi wao ni watu wenye nia njema. Ombi langu kwao ni dogo: msiufunge mguu uliotoboka ngozi, msikaze kamba katika siku za kwanza ambapo uvimbe bado unapanda, na mgonjwa akilia kwa maumivu baada ya kufungwa, fungueni na mtuletee. Hakuna atakayewalaumu kwa kuleta mgonjwa mapema.

Kijana yule sasa anatembea kwa mguu bandia. Alirudi kliniki akiwa na mwenzake wa kijiweni aliyevunjika mkono usiku uliotangulia. Mkono ulikuwa umewekwa juu ya boksi la maji lililokunjwa, umefungwa kwa khanga bila kukazwa, na vidole vyote vitano vilikuwa vinaonekana.